Paka Wenye Alama ya Havugimana

Kwanza ilikuja sauti: chuma kikigonga chuma, mara moja, kavu, nyuma ya magunia ya unga. Halafu kimya. Paka wa sokoni akinaswa halii papo hapo. Hunyamaza kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

"Wa kumi na tano," akasema dada yangu, yaya Farida, ndani ya giza la depo ya kuwekea unga, nami nikahesabu moyoni. Wamebaki saba.

Nilifunika mtego kwa kitenge, nikaubeba hadi nje kwenye mwanga wa saa tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu wakati ule, nikibeba watu kwa pikipiki asubuhi na kunasa paka mchana, na niliamini kwamba katika Goma nzima hakukuwa na mtu mwenye haki kuliko mimi. Leo ni mwaka na miezi minne tangu siku ile. Hasira ile bado ninayo. Imebadilisha tu mtu inayemkalia.

Chini ya bati, mbele ya meza ya mbao, Havugimana alikuwa anasubiri. Vyombo vyake vilichemka ndani ya sufuria juu ya mbabula, jiko la mkaa. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkimya, muganga wa mifugo kutoka Masisi. Huko alikuwa na ng'ombe thelathini na wanane, na wenye bunduki waliwachukua wote siku moja, kabla jua halijafika utosini. Akakimbilia kambi ya Kanyaruchinya, akaishi chini ya hema mpaka kambi zilipoamriwa zivunjwe, kisha akapanga chumba cha mbao mtaani Keshero. Yaya Farida, binti wa mama yangu mkubwa, ndiye aliyemtafuta. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi hii: kunasa paka wasio na nyumba, kuwakata uzazi, kuwarudisha palepale walipotoka. Daktari mmoja wa Bukavu alikuwa amemfundisha Havugimana namna ya kumpasua mnyama mdogo kiasi kile, kwa wiki tatu, kabla barabara haijafungwa. Mkono uliozoea mafahali ulijifunza kushona kwa uzi mwembamba kama unywele.

Paka alipoanza kutetemeka ndani ya mtego, mzee aliinama, akamwimbia kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini na ya kuvuta, wimbo wanaoimbiwa ng'ombe wakirudi jioni. Vijana wa makala, wauza mkaa wa soko lile, walikuwa wakimcheka kwa hilo. Mimi sikucheka. Nilipenda jinsi mistari ile ilivyopumua. Nilikuwa nimejifunza vina peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole huku nikisubiri abiria, na nilijua kazi nzuri nikiisikia.

Watu walituuliza swali moja tu kila siku. "Watu wanakufa, nyinyi munapasua paka?" Niliwajibu kwa ukali. Tangu vita ya Januari iliyoingia mjini panya walikuwa wameongezeka mpaka wanatembea mchana juu ya magunia. Bila paka, unga wa soko lile ungeliwa na panya. Na paka wakiachwa wazae bila kikomo, wanakuwa wengi, wagonjwa, wanapanda juu ya meza za samaki, halafu mtu anawawekea sumu. Nilikuwa nimeshaona sumu ikiwekwa katika soko jingine. Nilimwona mtoto akiokota samaki aliyetiwa sumu kabla ya paka, na mama yake akimpiga mkono kumwokoa. Mpaka leo nikikumbuka meno yangu yanaumana.

Kwa hiyo tulikuwa na mapatano na papa Bashige, mkubwa wa komite ya soko, mwenye meza nne za sambaza, dagaa wa ziwani. Alitusikiliza akijikuna kidevu. "Hizi paka ni za nani?" aliuliza siku ile ya kwanza. Yaya Farida akamjibu: "Ni za soko, papa. Hazina mwenyewe. Kama vile hili bati linatufunika wote." Bashige akafikiri, akasema sawa, wakateni, wasiongezeke, sitawagusa. Mapatano yetu yote yalisimama juu ya neno lile moja, kwamba paka hawa hawana mwenyewe.

Na kulikuwa na alama. Paka akiwa bado usingizini, ncha ya sikio lake la kushoto hukatwa kidogo, ili ukimwona kwa mbali ujue huyu ameshapita mezani, usimnase tena bure. Yaya Farida alifundishwa kukata moja kwa moja, mkato mmoja ulionyooka. Havugimana hakukata hivyo. Alikata miwili midogo, mmoja kwenye ncha, mwingine ubavuni mwa sikio. Yaya alimwambia mara moja, mara mbili. Mzee akaitika, kisha akakata vilevile. Mimi nilidhani ni uzee.

Alasiri ile ya paka wa kumi na tano, Mukakalisa, mama mnene muuza unga, alikuja kusimama karibu na meza yetu na mikono kiunoni. Naye alitoka Masisi. Paka mmoja mwekundu, wa kwanza kabisa tuliyemkata, alikuwa amelala juu ya gunia lake. Mukakalisa alimshika sikio kwa vidole viwili, akaligeuza kwenye mwanga kama anayesoma.

"Papa Havugimana," akasema. "Hii si ile alama ya ng'ombe zenu?"

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa anashona.

"Ya kwa muzee Harelimana, baba yako. Kwa ncha na kwa mbavu. Nilikuwa naiona ku malisho tangu niko mutoto." Alimgeukia jirani yake wa chumvi. "Kumbe hizi paka ziko na mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini sokoni neno haliulizi lilitumwa na nani. Lilipita kwenye maharage, likapita kwenye viatu, likafika kwenye sambaza, na kabla Havugimana hajafunga fundo la mwisho, Bashige alikuwa amesimama mbele yetu akifuta mikono kwenye tambara.

"Mulinidanganya," akasema taratibu. "Mulisema haziko na mutu. Sasa ziko na alama ya familia. Basi, mwenye alama azitoe. Siku kumi na mbili, mpaka salongo kubwa. Zikibaki hapa siku ile, tunasafisha."

Salongo ni kazi ya Jumamosi asubuhi, kila mtu na fagio lake, kila mtu mbele ya meza yake. Nilijua kusafisha kwa Bashige kungekuwa na nini ndani ya sahani.

Nilimtazama Havugimana. Miezi mitatu ya kazi, majeraha ya makucha mpaka viwikoni, majibu yote niliyowajibu wapita njia, ameyauza kwa mikato miwili ya majivuno. Hivyo ndivyo nilivyoona.

"Papa, ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua nakata nini."

"Yaya alikuambia ukate moja."

"Aliniambia." Akaweka sindano chini. "Mahamudi, sikiliza. Imebaki saba. Tuzimalize hizo kwanza, kila siku moja. Bashige nitamwendea mwenyewe, ni mutu ya kuongea naye."

Lilikuwa neno la mtu mzima. Mtu yeyote mwenye akili angelishika. Lakini watu walikuwa wameshatuzunguka, vijana wa makala mbele, na mimi nilikuwa nimefedheheka, na nikifedheheka mdomo wangu huwahi kabla yangu. Sikuutafuta ubeti. Ulikuja umeshapangika, na nilipanda juu ya kreti ya chupa ili wa nyuma wasikose kusikia.

*Mwenye ng'ombe wa Masisi, leo wamekuwa paka,*
*Akamua kwa kiasi, ndoo yake yakauka,*
*Zizi lake ni jeusi, majivu na takataka,*
*Walikula bila wasi, wakamwachia mapaka.*

Vina vilikaa. Mizani haikupungua hata moja. Soko lilicheka kicheko ambacho sijawahi kukipata kabla wala baada yake. Bashige alicheka mpaka akashika nguzo. Mtu mmoja aliomba nirudie, nami nikarudia, na mstari wa nne niliupiga polepole, ili kila mtu aone vizuri wale ng'ombe thelathini na wanane wakiliwa.

Paka wa kumi na tano alikuwa bado amelala mezani. Mzee alichukua mkasi kutoka kwenye maji ya moto, akashika sikio la kushoto, na mbele ya watu wote, bila haraka, akakata mkato wa ncha, kisha mkato wa ubavu. Alizuia damu kwa pamba. Akauosha mkasi, akaufuta, akaufunga ndani ya kitambaa chake, akampa yaya Farida kwa mikono miwili. Halafu akavaa kofia, akaondoka kati ya watu, na watu walimpisha.

Yaya alisubiri mpaka soko litawanyike. Alikuwa amenilea nusu, na hakuwa na desturi ya kunigombeza. "Umepanga maneno vizuri," akasema. "Sasa enda ukamwombe pardon."

"Yeye ndiye alikosa."

"Alikosa. Enda."

Sikwenda. Siku ya kwanza nilisema anastahili. Siku ya tatu nilisema atakuja mwenyewe. Siku ya tano vijana wa chukudu, ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, walikuwa wanaimba ubeti wangu wakipandisha mizigo, na mmoja alikosea mizani katika mstari wa pili. Nilizima pikipiki, nikamsimamisha, nikamsahihisha. Hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulisimulia kuliko yote. Nilimshikia chukudu yake pale kwenye mawe meusi ya volkano mpaka alipousema sawasawa.

Siku ya saba yaya alikwenda kwa Havugimana bila mimi. Mzee alimkaribisha chai ya maziwa, akamsikiliza, akamwonyesha mkono wake wa kulia. "Unatetemeka," akasema. "Siwezi kupasua na mukono unatetemeka." Yaya aliniambia hayo akiwa ameniangalia usoni. Nikamjibu kwamba mkono wa mwizi wa paka lazima utetemeke. Nilidhani ni jibu zuri. Nililiandika.

Paka saba walibaki bila kukatwa. Nilikuwa nawajua mmoja mmoja: wawili wa kijivu wa upande wa makala, dume lenye jicho moja, watatu ndugu wenye mikia mifupi, na jike jeusi lenye miguu ya mbele myeupe kama limekanyaga unga. Jike lile lilikuwa na mimba. Nililiona tumbo likishuka siku hadi siku, nikampa sambaza mbili tatu, nikajiambia tuna muda.

Jumamosi ya salongo nilifika saa tatu, wakati pikipiki zimesimama na kila mtu anafagia. Niliona gunia limetandazwa karibu na mfereji. Juu yake walipangwa saba, mgongo kwa tumbo, kama samaki mezani. Midomo ilikuwa na povu lililokauka. Dume la jicho moja lilikuwa limejiuma ulimi. Jike jeusi lilikuwa la mwisho, limejikunja, miguu ile myeupe imeshika tumbo.

Sijui kwa nini niliinama kutazama masikio. Masikio kumi na manne, mazima, hayakuguswa na mkasi.

Nilisimama, nikaanza kutafuta wale wengine kumi na tano. Chini ya meza, juu ya mabati, ndani ya mfereji. Hakuna hata mmoja, wala hai wala mfu. Ndipo niliposikia mkwaruzo ndani ya depo ya Mukakalisa. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kiti kidogo, fagio juu ya magoti, kama askari.

"Wako ndani," akasema kabla sijauliza. "Usifungue sana. Watatoka."

Nilichungulia. Matenga ya nyanya yalikuwa yamefunikwa kwa magunia na kuwekewa mawe juu, na katika kila tenga yaling'aa macho. Wa kumi na tano alikuwa peke yake kwenye tenga dogo, uzi wa mzee bado tumboni.

"Bashige alituletea sambaza za dawa ku sahani, kila mutu aweke kwa meza yake," Mukakalisa akasema. "Sisi wa Masisi tulikuwa wane. Tukakaa tukaulizana. Hizi ziko na alama. Kwetu munyama mwenye alama, ukimuwekea sumu, umemuwekea mwenyewe ku sahani yake. Na huyu mwenyewe walishamufanyia mengi. Basi tukazishika mapema, tukazifungia."

"Na zile saba?" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Mama, zile saba zilikukosea nini?"

Alinitazama bila hasira, jambo ambalo lilinichoma zaidi. "Nilitafuta ku masikio yao. Hakukuwa kitu. Sikujua niziite za nani."

Siku kumi na mbili. Saba waliobaki, kila siku mmoja, alikuwa amesema mzee. Nilihesabu pale mlangoni, kwa vidole, kama ninavyohesabu mizani, na hesabu ilibakiza siku tano.

Nilimkuta Bashige kwenye meza zake. Sikumsalimu. Nilimshika shati kifuani kwa mikono yote miwili nikamvuta mpaka sahani moja ikaanguka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kuna mtoto angeweza kuokota zile sambaza. Nilimwambia ni muuaji.

"Peti, we kijana, achia shati," akasema. Hakuwa na hofu. Alionekana amechoka tu. "Wale mama walichunga kila sahani mpaka mwisho, hakuna mutoto aliyepita. Mimi niliwapa siku kumi na mbili. Nani alikuja kuongea na mimi? Huyo muzee wako nilimngoja. Ni mutu ya heshima, angekuja tungesikilizana. Hakuja. Juu ya nini hakuja?"

Niliendelea kumshika shati.

"Na salongo ni ya kuondoa nini? Wewe ndiye ulipanda kwa kreti ukatufundisha. Majivu na nini? Maliza."

Nyuma yangu, kati ya wenye mafagio, kijana mmoja akamalizia ule mstari wa takataka, kwa furaha, bila kukosa hata mizani moja.

Mikono yangu iliachia shati.

Niliwazika wale saba nyuma ya ukuta wa mawe, mahali ambapo ardhi ina udongo kidogo juu ya volkano. Yaya Farida alishika koleo la pili. Tulipomaliza alinawa, akanipa ufunguo wa pikipiki uliokuwa umeniponyoka mfukoni, na hakuniambia niende wapi.

Chumba cha Havugimana kilikuwa nyuma ya nyumba ya mbao, Keshero, karibu na ziwa kiasi cha kusikia wafua nguo. Alikuwa amekaa nje akichambua maharage kwenye ungo. Watoto wawili wa jirani waliponiona nashuka wakanyamaza ghafla. Nikajua walikuwa wanaimba nini.

"Jambo, papa."

"Jambo. Kaa."

Hapakuwa na kiti cha pili. Nilichuchumaa juu ya jiwe. Habari alikuwa ameshapata. Goma habari haipandi pikipiki, lakini inakutangulia.

"Ile nyeusi ilikuwa imefikia kuzaa?" akauliza.

"Siku chache tu."

Akaendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akatupa lingine. "Farida anafikiri nilifanya kwa kiburi," akasema baadaye. "Wewe pia. Labda. Paka ya kwanza, ile nyekundu, nilishika sikio, na mukono ukaenda wenyewe. Miaka arobaini umekata hivyo. Nikaona, aa, nimekosa. Halafu nikaitazama imelala pale na ile alama." Akatoa jiwe jingine kwenye ungo. "Nilikuwa sijaiona tangu siku ile. Nilifikiri haiko tena duniani."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Njiani, kati ya mashimo ya barabara, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupanga ubeti wa kuomba msamaha, wenye vina vya -ma na -ni, na ulikuwa unakuja vizuri. Nikiwa juu ya jiwe lile niliuchukia kama nilivyowachukia watu wote siku ile. Nikauacha uanguke.

"Papa, mimi ndiye niliwaua zile saba."

"Sumu ilikuwa ya Bashige."

"Siku zilikuwa zangu."

Hakukataa. Nilimshukuru kwa kutokataa.

Watoto walikuwa wamesogea, wakitutazama kwa nyuma ya kamba ya nguo. Mzee aliwaonyesha kwa kidevu. "Wanaimba vizuri," akasema. "Ile kitu umeitengeneza nguvu. Mimi nimeisikia mpaka naijua. Siku moja nilikuwa nafagia, nikajikuta naiimba." Akatikisa ungo. "Haitoki tena. Ni kama alama."

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya maharage. Niliutazama. Ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia, kisha ukatetemeka.

"Jumamosi inayokuja," nikasema, "nitasimama pale sokoni wakati wa salongo, juu ya kreti ileile kama bado iko, mbele ya kila mutu aliyecheka. Nitasema Mahamudi alimtukana mutu aliyemzidi, na akaua paka saba kwa uvivu wa magoti yake. Nitasema kwa maneno ya kawaida. Bila vina."

Havugimana alifikiri. "Watacheka."

"Wacheke, papa. Nitabaki nimesimama mpaka wamalize, halafu nitasema tena."